Rangi ya Kucha kwenye Reli

Jumatatu, 17 Februari

Kiwandani tumebadilisha laini ya chupa za maji mara mbili leo. Asubuhi chupa za nusu lita, saa nne za lita moja na nusu, saa nane tukarudi nusu lita kwa sababu hoteli fulani imeagiza ghafla. Mgongo wote unauma. Mkanda una mita arobaini na nati sabini na mbili, nusu upande wangu, nusu upande wa Ojara. Unalegeza, unasukuma reli, zile fito za chuma zenye plastiki zinazoongoza chupa, mpaka kwenye alama, unakaza. Lazima twende pamoja, yeye kule mimi huku, la sivyo njia ya chupa inapinda na zote zinalala. Miaka minne nimemtazama huyu mwanamume ng'ambo ya mkanda. Najua hata anavyopumua akikutana na nati ngumu.

Alama ya nusu lita karibu inafutika. Nimeipaka upya. Nyekundu ni nusu lita, buluu ni lita na nusu, nyeupe ni zile ndogo za mikutano. Ni rangi ya kucha. Ile nyekundu Ojara alininunulia sokoni Konyokonyo mwaka wa kwanza, akanipa imefungwa kwenye gazeti. Nilimwambia kwa mikono hii ya grisi rangi haiwezi kukaa hata siku moja, afadhali nipake reli. Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nikapaka kweli. Tangu siku hiyo hatupimi tena kwa futi. Buluu na nyeupe nilinunua mwenyewe.

Baada ya chakula alienda kunywa shai getini kama kawaida yake. Mimi nikapita laini na kidole, kama kawaida yangu. Mabati yakishika moto, ile plastiki ya reli inarefuka, haina pa kwenda, inajikunja kwa ndani na kuibana njia. Kwa hiyo mchana nalegeza kidogo. Asubuhi kati ya chupa na reli ukucha tu ndio upite. Mchana ipite ncha nzima ya kidole cha mwisho. Ojara akirudi anakuta chupa zinatembea. Hajawahi kuuliza, nami sijawahi kumweleza. Nani anajisifu kwa kidole?

Nyumbani mama ameniuliza naandika nini. Nikasema hesabu za kanisa. Mungu anisamehe. Bahati yangu hapa Mangateen hakuna anayesoma Kiswahili nyumbani kwetu, mimi peke yangu niliyesomea Nakuru.

Jumatano, 19 Februari

Meneja ametuita wote wawili. Reli mpya zinakuja kutoka Nairobi. Unazungusha gurudumu moja hapo mwanzo wa mkanda, reli za pande zote zinasogea kwa pamoja mpaka mwisho, na kidirisha kidogo kinakuonyesha namba. Dakika mbili, basi. Sisi siku nzuri tunatumia dakika hamsini.

Kwa hiyo mtu mmoja anatosha. Alilisema kwa upole, hata akatuagizia soda. Atakayebaki ni yule anayeijua laini zaidi, injinia atasaidia kuamua. Mwingine ataenda pakingi, kufunga chupa. Hakuna anayefukuzwa.

Tulipotoka Ojara alisema mafi mushkila, hakuna shida. Nami niliona hivyo. Akibaki yeye, nikibaki mimi, ni nyumba moja. Jumapili ya tarehe tisa Machi kaka yake anakuja kutoka Gulu, ng'ambo ya mpaka, na wataenda kwa Mjomba Wani kujitambulisha ili aniposee. Nilirudi nyumbani nikiimba, mjinga mimi.

Ijumaa, 21 Februari

Mama ameshona vitambaa vya viti kwa ajili ya wageni. Sita. Vya kijani. Hajamwona Ojara hata siku moja, lakini anajua anapenda samaki.

Jumatatu, 24 Februari

Injinia amefika. Mwanamke, Wairimu, viatu vyake vya kazi vimechakaa kuliko vya Ojara. Nilimpenda papo hapo. Tulisalimiana kwa Kiswahili cha Nakuru na nikasikia raha kama nimevua kiatu kinachobana.

Tumefungua reli za zamani zote. Zimerundikwa nje kwenye ua, juani. Nyekundu, buluu, nyeupe, nyekundu, buluu, nyeupe. Nilisimama kuzitazama zaidi ya ilivyofaa. Mchomeleaji mmoja wa njia ya Bilpam ameshasema atazichukua atengeneze madirisha.

Jumanne, 25 Februari

Naandika hili taratibu nisije nikalikosea.

Nilikuwa nimepiga magoti upande wangu, chini ya mkanda, nashika bomba ambalo Wairimu aliniomba nishike. Ojara alikuwa upande wa pili na meneja. Wairimu akaenda kwao akiwa na kipande cha reli ya zamani mkononi. Alisema ameona viwanda vingi na hajawahi kuona laini iliyopimwa vizuri hivi kwa mkono. Akauliza ni nani aliyetia alama hizi.

Ojara akasema, "Hii alama ni mimi naweka. Rangi tu ndio nilitoa kwa bibi yangu."

Wakacheka. Meneja pia alicheka. Wairimu akasema basi huyo bibi amepata hasara.

Mimi nilikuwa chini pale na bomba. Sikuliachia.

Jumatano, 26 Februari

Bibi yangu. Miaka minne nimengoja aseme neno hilo, mke, mbele ya watu. Amelisema, na katika sentensi hiyohiyo amechukua kazi yangu.

Moyo uliruka kabla haujaanguka. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Uliruka kwanza.

Alhamisi, 27 Februari

Ojara alinisubiri getini. Hakuzunguka. Kibali chake cha kazi kinaisha Aprili, na meneja hawezi kumwombea kibali mtu wa pakingi, maana pakingi kumejaa wenyeji. Akitolewa kwenye laini atarudi Gulu. Akirudi Gulu hakuna Jumapili, hakuna kaka, hakuna nyumba. Mimi ni mwenyeji, popote nitakapowekwa nitabaki. Amefanya kwa ajili yetu wawili. Macho yalikuwa mekundu.

Yote ni kweli. Nimeyageuza usiku kucha kichwani na sijapata uongo hata mmoja. Angeniambia kabla, ningemwachia laini yote na kumshukuru. Ningekwenda mwenyewe kwa meneja kuomba pakingi. Hakuniambia.

Kisha akaomba daftari. Daftari langu la buluu lenye vipimo vya kila chupa, kwa sababu Wairimu anataka namba za kuweka kwenye ule mtambo. Nikalitoa kwenye mkoba nikampa. Mkono wenyewe ulitoa. Nampenda, ndiyo hali.

Jumatatu, 3 Machi

Pakingi. Nazivisha chupa nailoni, zinapita kwenye moto, zinatoka zimebanwa kumi na mbili kumi na mbili. Wanawake wa huku ni wema. Wamenipa kiti kilicho mbali na moto. Wanadhani nimeshushwa kwa kosa fulani na wamekuwa waungwana, hawaulizi.

Wairimu ameondoka jana na ndege. Ukutani karibu na gurudumu kuna karatasi mpya ya vipimo. Namba ni zangu, mwandiko ni wa Ojara. Nusu lita, milimita sitini na saba. Ameandika vizuri, kwa mstari.

Asubuhi laini ilikwenda kama maji. Saa saba na nusu ikasimama. Chupa zilibanana pale katikati, zikapanda juu ya wenzao, kumi na tano zikaanguka sakafuni. Wakasafisha, wakawasha. Ikasimama tena.

Nilitazama paa. Nilijua kabla chupa ya pili haijaanguka. Sitini na saba ni kipimo cha asubuhi. Cha mchana hakimo kwenye daftari, kimo kwenye kidole.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya tatu. Asubuhi nzuri, mchana maafa. Shule zimefungwa mji mzima kwa ajili ya joto na sisi tunahangaika na chupa. Ojara amefungua mota, amefunga mota. Amepaka sabuni mkandani. Amempigia Wairimu simu, naye kasema mtambo uko sawa, huenda namba ndiyo mbaya, aangalie alizipataje.

Alizipataje. Alikuwa getini anakunywa shai.

Hajaja kuniuliza. Hatua ishirini kutoka gurudumu mpaka kiti changu, nimezihesabu. Anapita kwenda chooni ananisalimia kwa kichwa. Nadhani anaona aibu. Aibu ni kitu kizuri, ningeifurahia kama ingemleta.

Meneja amesema ikifika Ijumaa hali ni hii atatafuta mtu kutoka kiwanda kingine.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemweleza. Nilimkuta getini akiwa peke yake, glasi ya shai mkononi, hanywi. Nikamwambia kuhusu plastiki na mabati. Nikamwonyesha kidole. Nikasema kuanzia saa sita mchana aongeze mpaka sabini, jioni arudishe, na mvua zikianza asiongeze kabisa. Alisikiliza kama mtoto. Aliniuliza ni tangu lini. Nikasema tangu mwaka wa kwanza.

Sikumdai chochote kwa muda mrefu. Leo nimemdai kimoja. Nilimwambia, "Wakikuuliza, taja jina langu. Mara moja tu, basi."

Akasema, "Kiden, mimi iko na wewe."

Nimeliandika hapa nisijidanganye baadaye. Kibali kitabaki chake, laini itabaki yake, mimi nitavisha chupa nailoni mpaka nizeeke. Sitaki gurudumu. Nataka jina langu litoke kinywani mwake mbele ya watu. Akilitaja, Jumapili nitawajibu wageni kwa moyo mmoja. Asipolitaja, sijui nitafanya nini na vitambaa sita vya kijani.

Ijumaa, 7 Machi

Saa sita alizungusha gurudumu mpaka sabini. Saa saba hakuna kitu. Saa nane hakuna kitu. Chupa zilitembea kama wasichana wa komunyo. Joto lilikuwa la kuua na hakuna hata moja iliyolala. Nilikuwa na furaha, ya kweli, ya kazi.

Saa tisa meneja akaja na sanduku la soda, akatukusanya wote, laini na pakingi. Akampongeza Ojara. Akamuuliza mbele yetu amegunduaje.

Ojara alinitazama. Hilo siwezi kumnyima, alinitazama kabisa, kwa muda. Nilikuwa nimesimama na kipande cha nailoni begani.

"Nilikaa tu chini nikafikiri, bosi."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono haina akili.

Jumamosi, 8 Machi

Sikumwambia mama. Sikumwambia mjomba. Ojara amenitumia ujumbe mara tatu na sikujibu. Kaka yake amefika na basi, wako Buluk kwenye chumba chake. Mama amekaanga samaki. Nilishindwa kufungua mdomo. Ningesema nini? Kwamba ametumia namba yangu hakunitaja mimi? Mama angeniuliza kama amenipiga, kama ana mke mwingine. Hajanipiga. Hana mke mwingine.

Nimelia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa, na maji ni ya kununua.

Jumapili, 9 Machi

Walikuja saa tisa kwa Mjomba Wani. Ojara alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kola imembana. Kaka yake ni mtu mzima, mpole, ana sauti ya kasisi. Wameleta sukari, majani, sabuni, kitenge cha mama. Wamekaa kwenye vitambaa vya kijani tulivyovileta kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa ndani na shangazi, nasikia kila kitu kupitia pazia.

Kwetu binti haulizwi kama anampenda mtu. Anaitwa mbele ya wote, anaulizwa kama anawajua wageni hawa. Akisema anawajua, shangazi wanapiga vigelegele na mazungumzo yanaendelea. Akisema hawajui, wageni wanamaliza maji yao na kuaga, na hakuna anayegombana. Ni adabu tu. Sijawahi kusikia binti aliyesema hawajui. Mambo huwa yameshaiva.

Niliitwa. Nikapita na maji kwanza. Chupa zetu, nusu lita, nimezivisha nailoni mwenyewe Alhamisi. Ojara alipokea yake kwa mikono miwili.

Mjomba akaniuliza kwa Kibari, lugha yetu, kisha akarudia kwa Kiarabu ili wageni waelewe. Je, huyu kijana unamjua?

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Naapa. Tangu asubuhi nilikuwa nimeamua kumsamehe, nimeamua hata majina ya watoto. Nilipomtazama nikamwona kama alivyosimama kiwandani Ijumaa. Alikuwa na uso huuhuu. Ananitazama, anasubiri nimwokoe.

Nilisema, "Tunafanya kazi kiwanda kimoja."

Mjomba alidhani sijasikia. Akauliza tena. Nikasema hivyohivyo. Shangazi aliyekuwa amejaza pumzi kwa kigelegele akaitoa polepole.

Kaka yake ndiye aliyeinuka kwanza. Alimshukuru mjomba kwa maji. Sidhani kuna mtu pale aliyeelewa isipokuwa Ojara. Alielewa. Chupa yake aliiacha kwenye meza, imefunguliwa, imejaa.

Mama hajazungumza nami tangu wakati huo. Kitenge walikiacha. Nimekifunga kwenye mfuko kitarudishwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nilienda kazini. Chupa elfu kumi na mbili. Sikuinua kichwa.

Jumamosi, 15 Machi

Mjomba amekuja kunikalisha chini. Alitaka kujua kosa la kijana ni nini, ili kama ni la kurekebishwa lirekebishwe. Nilimweleza yote, kuanzia rangi ya kucha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye alikuwa mwanajeshi na amewahi kuona mtu akipewa nyota kwa vita alivyopigana mwingine, na aliyepigana alinyamaza. Nikamuuliza huyo aliyenyamaza alikuwaje baadaye. Akaomba chai.

Usiku huu nimemkumbuka Ojara sana. Namkumbuka tukikaza nati ya mwisho, anapiga mkanda makofi mawili na kusema haya, maji yaende. Naumia kama ninaumwa mwili. Kama angegonga mlango sasa hivi ningefungua. Hagongi.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua ya kwanza. Ilianza alfajiri, nzito, mpaka tukawa hatusikiani chini ya mabati. Ubaridi mtamu. Wanawake wa pakingi walienda mlangoni kunyoosha mikono nje.

Saa saba laini ikaanza kucheza. Ojara alikuwa ameongeza mpaka sabini kwa mazoea, na leo plastiki imenyooka, njia ni pana. Chupa ziliyumba, zikaanza kulala. Meneja alikuwa palepale na wageni kutoka wizarani. Nilimwona Ojara ameshika gurudumu, hajui azungushe wapi. Nilikuwa nimemwambia kuhusu mvua. Amesahau.

Akaliachia gurudumu. Akatembea hatua zote ishirini, mbele ya meneja, mbele ya wageni, mbele ya pakingi nzima. Akasimama mbele ya kiti changu. Alisema kwa sauti, wote wakasikia, ya kwamba Kiden ndiye anayejua, alama zote zilikuwa za Kiden, hata ile ya joto. Kisha akaniuliza, "Ngapi?"

Nikamwambia sitini na saba.

Akarudi, akazungusha. Chupa zikanyooka. Meneja akaniambia tutaongea Jumatatu. Nikaendelea kuvisha nailoni. Nilidhani siku hiyo ikija nitasikia kitu kikubwa. Nilisikia mvua.

Jioni njiani nilipita kwa yule mchomeleaji. Madirisha ameyapaka rangi ya kijivu, alama hazionekani tena. Nyumbani mama alikuwa amewasha jiko, ameniwekea chai bila kusema kitu, na hilo ni jambo.

Nilikuta ile rangi nyekundu chini kabisa ndani ya mkoba, imebaki kidogo, imeganda. Niliitia matone ya mafuta ya kuondolea rangi, nikatikisa. Nikakaa mlangoni nikapaka kucha zangu, kwa mara ya kwanza tangu Ojara aninunulie. Imetosha vidole tisa. Kile cha mwisho, cha kupimia, nimekiacha hivyohivyo.